Kuchagua samaki wawindaji wa kuishi tangi moja bila kulana: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu ananunua samaki sita wadogo Dar es Salaam, wanafika Mbeya wazima, wanaelewana miezi mitatu, kisha wanaanza kupungua mmoja mmoja. Mzoga hauonekani. Kinachoonekana asubuhi ni tumbo la mmoja lililovimba. Wengine hasara yao ni ya aina nyingine: mwezi wa saba wanaamka, wanakuta samaki wote wamelala chini na kipimajoto kinasoma nyuzi 17.

Lawama huangukia ukali wa samaki. Mimi ukali nauweka nafasi ya tatu. La kwanza ni maji, yaani lita na joto lake. La pili ni ukubwa wa mdomo. Ukienda kwa mpangilio huo, majina mengi yatajiondoa yenyewe kwenye orodha yako kabla hujatoa hata shilingi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya samaki

- Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Hilo ni lita 300, na ndilo dogo kabisa ninaloweza kulipendekeza kwa samaki mwindaji yeyote aliyetajwa humu.
- Meza ya chuma au mbao ngumu. Maji peke yake ni kilo 300. Ongeza kioo, mchanga na mawe, unafika karibu kilo 400.
- Hita mbili, si moja kubwa.
- Vipimajoto viwili, kimoja kila upande.
- Chujio kubwa la nje, au machujio mawili ya ndani.
- Pampu ya hewa ya umeme, na nyingine ya betri.
- Vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na pH (kipimo cha uchachu wa maji). Vile vya matone ni sahihi kuliko vya karatasi.
- Kifuniko kizito kinachofunika tangi lote.
- Wavu mgumu wa plastiki wa kugawa tangi mara mbili.
- Dawa ya kuondoa klorini, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Rula na simu yenye kamera. Vitatumika Hatua ya 3.

Fundi vioo wa Mwanjelwa au wa mjini Iringa anaweza kukutengenezea tangi kwa bei nafuu kuliko kulisafirisha kutoka Dar. Mwambie mambo mawili. Kioo kiwe cha milimita 10 kwa kimo hicho cha sentimita 50, na silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua samaki. Tangi likae siku saba likauke, kisha lijazwe maji na kuangaliwa nje au sebuleni kwa siku mbili kabla ya kitu kingine chochote.

## Hatua ya 1: Maliza habari ya baridi kwanza

Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na sebule isiyo na moto ikawa nyuzi 14 au 15 alfajiri. Uyole, Njombe na Makete ni zaidi ya hapo. Samaki tunaowazungumzia wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima.

Ushauri unaosomwa sana ni wati moja ya hita kwa kila lita. Huo ni wa nyumba ambazo ndani tayari kuna joto. Huku kwetu pengo kati ya chumba na maji linapita nyuzi 10, kwa hiyo hesabu wati mbili kwa lita: tangi la lita 300 lipate hita mbili za wati 300 kila moja. Sababu ya kuwa mbili ni kwamba hita huharibika kwa njia mbili. Ikifa imezima, ya pili inashikilia maji yasiporomoke. Ikifa imewaka, wati 300 zitakuchelewesha kuwachemsha samaki, na utapata muda wa kuona kipimajoto kimepanda.

Funika nyuma, pande mbili na chini ya tangi kwa povu gumu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni. Halina gharama na linapunguza bili ya umeme kwa kiasi utakachokiona.

Kuna jambo la pili la mwinuko ambalo wengi hawalijui. Hewa ya hapa ina shinikizo dogo, kiasi cha asilimia 82 hivi ya lile la pwani, kwa hiyo maji nayo hubeba oksijeni pungufu. Maji ya nyuzi 26 yanayoweza kushika karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita kule Dar, hapa yanashika kama 6.6. Samaki mkubwa aliyeshiba nyama anatumia oksijeni nyingi. Pampu ya hewa Mbeya iwake saa 24, hata kama rafiki yako wa Kinondoni anaishi bila pampu na samaki wake wananenepa.

Utajuaje umefaulu: endesha tangi bila samaki kwa wiki nzima. Pima saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti isizidi nyuzi moja. Ikizidi, ongeza kinga ya baridi. Usiendelee na Hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Chagua ukoo mmoja wa maji

Usichanganye samaki wa Amazoni na wa Ziwa Nyasa. Maji yao hayafanani, chakula hakilingani, na hata ishara zao za kutishiana zinatofautiana: mmoja anaonya, mwingine haelewi onyo, anang'atwa. Chagua kundi moja kati ya haya.

Kundi la oska. Oska (Astronotus ocellatus) anatoka Amerika ya Kusini. Anauzwa akiwa na sentimita 5 na kumaliza ukuaji akiwa na 30 au zaidi. Anavumilia maji ya bomba ya aina nyingi, pH 6.5 hadi 7.5 bila shida, joto nyuzi 25 hadi 27. Anamzoea mwenye nyumba na kumfuata na macho chumbani, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kumpenda. Ubaya wake ni uchafu, kwani anakula kwa fujo na kuchafua maji haraka.

Kundi la Nyasa. Hawa ni wawindaji wa ziwa letu wenyewe, lile linalopakana na Kyela, Ludewa na wilaya ya Nyasa. Wanataka pH 7.8 hadi 8.5, maji yenye chokaa, na nyuzi 24 hadi 26. Nyuzi hiyo moja ya chini ina maana kubwa kwa mtu wa Iringa anayelipa umeme mwenyewe. Ukiniuliza mimi, kwa Nyanda za Juu Kusini ningeanza na hawa. Tatizo ni upatikanaji: wengi wa madukani ni wa kuzalishwa, na ukitaka wa ziwani, zungumza kwanza na afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Usiagize kienyeji kwa mvuvi wa Matema.

Pima pH ya maji ya nyumbani kwako kabla ya kuamua. Kama ni chini ya 7.5 na umeshapenda kundi la Nyasa, weka mawe ya chokaa tangini. Upande wa Songwe yapo, ya aina ileile inayotumiwa kutengeneza saruji. Dondoshea siki au limao kali: likitoa povu lina chokaa. Mawe yaliyookotwa kwenye vijito vya wachimba dhahabu Chunya usiyaguse kabisa, kwa sababu ya zebaki.

## Hatua ya 3: Pima mdomo

Hapa ndipo wanaposhindwa watu wengi, kwa hiyo twende taratibu.

Kula na kugombana ni mambo mawili. Samaki anayegombana ana sababu: eneo, jike, mayai. Unaweza kumpunguzia sababu. Samaki anayekula hana ugomvi na mtu. Akimwona mwenzake anatosha mdomoni, huyo ni chakula, hata kama wamelala pembeni ya jiwe moja mwaka mzima. Ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba samaki wake "ni mpole sana" huku wenzake wanatoweka. Mpole kweli. Ana njaa tu.

Fanya hivi:

1. Mpige picha mwindaji wako mkubwa wakati anakula, ukiwa umebandika rula kwenye kioo. Pima mdomo ukiwa wazi, kutoka mdomo wa juu hadi wa chini.
2. Pima kimo cha mwili wa samaki unayetaka kumuunga, kutoka mgongoni hadi tumboni, bila mapezi.
3. Kimo hicho kikiwa chini ya mdomo wazi, acha. Kikiwa sawasawa, acha pia, maana mdomo utakua.
4. Kikizidi, linganisha urefu. Mdogo awe angalau theluthi mbili za urefu wa mkubwa.

Kisha rudia hesabu yote kwa ukubwa wa utu uzima. Hesabu ya leo inakupa miezi mitatu tu. Oska mdogo anaweza kuongezeka karibu sentimita 2 na nusu kwa mwezi katika miezi yake ya mwanzo, wakati mwenzake wa jamii ndogo ameshafika mwisho wake. Dukani muulize muuzaji bila haya: "Kaka, huyu akikomaa anafika wapi?" Akikujibu kwamba samaki hukua kulingana na tangi, mshukuru, ondoka. Samaki katika tangi dogo hudumaa kwa sababu maji ni machafu, na kudumaa huko ni ugonjwa.

Umbo linahesabika kuliko urefu, hata kuliko hizo theluthi mbili. Samaki mrefu mwembamba wa sentimita 15 humezwa kirahisi na mwindaji wa sentimita 25. Samaki mpana wa kimo kikubwa mwenye sentimita 12 anaweza kumshinda mdomo huyohuyo.

Na kambare? Kila mwaka yupo anayechukua kifaranga cha kambare kutoka bwawa la jirani, akakitia tangini kwa kuwa ni cha bure. Mdomo wa kambare ni mpana kuliko unavyoonekana, anawinda usiku kwa ndevu zake, anapita sentimita 70, na usiku wa mvua ataondoa kifuniko na kutoka zake. Asiingie.

## Hatua ya 4: Panga wenyeji wa tangi

### Mpango wa oska

Lita 300: oska mmoja na silva dola wanne, samaki bapa wa rangi ya fedha. Silva dola ni wapana, wana kimo, wana mbio, na wanapoogelea wazi bila woga oska naye anatulia, kwa sababu anasoma kwao kwamba hakuna hatari. Wanakula majani, kwa hiyo mimea ya kupanda tangini isahau.

Lita 500 kwenda juu: oska wawili walionunuliwa pamoja wakiwa sawa, silva dola sita, na pleko mmoja wa kawaida, yule anayekwangua mwani kwenye kioo, mwenye sentimita 15 au zaidi siku anayoingia. Pleko mdogo hujaribiwa kumezwa, miiba yake inafunga kooni mwa oska, na mnawapoteza wote wawili.

Jack Dempsey, samaki aliyepewa jina la bondia wa Marekani, anaweza kukaa na oska kwenye lita 500 ikiwa wamelingana na yupo mmoja tu. Wawili wakipata mayai, oska ndiye atakayebanwa kona. Parachromis managuensis, yule mwenye madoa ya chui, namkataa kabisa kwenye mchanganyiko. Atakaa na wenzake hadi afikishe sentimita 20, kisha tangi litakuwa la kwake.

Wapo wengine watatu wanaouzwa wadogo wa kupendeza na hawana mahali katika nyumba ya kawaida: "papa" wa maji baridi (Pangasianodon), kambare mwenye mkia mwekundu wa Amazoni, na arowana. Wawili wa kwanza hupita mita moja. Arowana hukaribia mita na anaruka. Amekufa sakafuni mara nyingi kuliko ndani ya maji.

### Mpango wa Nyasa

Hapa ninapendekeza urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60, yaani lita 540. Chini ni mchanga laini, mawe machache pembeni, katikati pabaki wazi. Wawindaji hawa ni wa kuogelea, si wa kuishi pangoni.

Mwindaji wa kwanza ninayemsifu ni Nimbochromis livingstonii. Anafika kama sentimita 25, ana mabaka ya kahawia na nyeupe, na hulala ubavu mchangani akijifanya mzoga. Samaki wadogo wakija kumdonoa, anawanyaka. Upande wa Malawi wanamwita kaligono, msinziaji. Basi ukimwona amelala upande siku ya kwanza, usikimbilie kumtoa na kumtupa. Angalia matamvua: yakipumua kwa utulivu, yupo kazini.

Nimbochromis venustus ni ndugu yake, mwenye mabaka ya twiga, na dume aliyekomaa hugeuka bluu kichwani na njano mgongoni. Dimidiochromis compressiceps ni mwembamba kama kisu akitazamwa kutoka mbele, na huvizia kichwa kikielekea chini kati ya majani. Chagua mmoja kati ya livingstonii na venustus, usiweke wote. Wanafanana mno, madume watapigana, na wakizaana utapata chotara wasio na kabila.

Mpangilio ninaouamini kwa lita 540 ni huu: dume mmoja na majike watatu wa livingstonii, dume mmoja na majike wawili wa compressiceps, na Synodontis njassae watatu kwa kazi ya chini usiku. Huyu ni wa jamii ya gogogo, naye pia ni wa ziwa hilihili. Ukitaka rangi, ongeza Copadichromis borleyi waliokomaa, kuanzia sentimita 12. Wadogo zaidi ya hapo utawahesabu jioni na kuwatafuta asubuhi.

Majike kuwazidi madume si mapambo. Jike wa samaki hawa hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa kama wiki tatu bila kula vizuri. Akiwa peke yake na dume, dume hamwachi apumzike na anamuua kwa kumfukuza. Majike wakiwa watatu, usumbufu unagawanyika.

Mbuna, wale wadogo wa rangi kali wanaoishi miambani, wawekee tangi lao. Wanakula zaidi mwani, matumbo yao hayapendi nyama nyingi, na ni wagomvi kuliko hao wawindaji wenyewe. Ukiwachanganya, wadogo wao wanaliwa na wakubwa wao wanawatafuna mapezi wenzao.

## Hatua ya 5: Kuza bakteria kwanza

Kinyesi na mkojo wa samaki huwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza naitraiti, nayo ni sumu. Wa pili huigeuza naitreti, ambayo unaiondoa kwa kubadili maji. Bakteria hawa hukaa kwenye chujio na huchukua wiki nne hadi sita kukua kwenye nyuzi 26. Kwenye maji ya baridi huchelewa zaidi.

Wape kitu cha kukalia. Mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, yale yanayoelea, yana vitundu vingi sana na yanafaa kuliko vitu vingi vya dukani. Yavunje saizi ya kidole gumba, yachemshe, yaloweke mpaka yazame, jaza chujio.

Tia amonia isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Endelea kuirudisha hapo kila inaposhuka.

Umefaulu siku ambayo miligramu 2 zinaisha ndani ya saa 24, na amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri. Wa kundi la Nyasa wasilegeze hapa: kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa kali.

## Hatua ya 6: Wasafirishe salama kutoka Dar

Barabara ni zaidi ya kilomita 800 na basi linapita Mafinga na Makambako, mara nyingi usiku. Samaki wasile siku moja au mbili kabla ya safari. Kila mwindaji awe na mfuko wake, mfuko ndani ya mfuko, umetiwa oksijeni, vyote ndani ya boksi la povu gumu lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Boksi lisiwekwe kwenye buti karibu na injini wala juu ya paa.

Mwambie muuzaji asijaze mfuko ukakaza. Hewa iliyofungwa pwani hutanuka karibu asilimia 20 ikifika huku juu, na mfuko uliokaza hupasuka baada ya Kitonga.

Mkifika, elesha mfuko ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, taa zikiwa zimezimwa. Ukishaufungua, usichelewe. Hewa chafu iliyokuwa ndani inatoka, pH ya maji ya mfuko inapanda, na amonia iliyolimbikizwa njiani inageuka kali ghafla. Mtoe samaki kwa wavu, mtie tangini, mwaga maji ya mfuko. Yasiingie tangini hata kikombe.

## Hatua ya 7: Waingize kwa mpangilio

Wapole na wenye mbio waanze: silva dola, borleyi, gogogo. Wiki mbili baadaye waingie wawindaji, wote kwa siku moja na wakiwa wamelingana ukubwa. Siku hiyo mbabe awe wa mwisho, ili akute nyumba ina wenyewe.

Ukilazimika kumuongeza mgeni kwenye tangi la zamani, hamisha mawe yote kwanza ili mipaka ya zamani ife. Kisha mweke nyuma ya wavu wa kugawa kwa siku tatu hadi saba, waonane bila kugusana. Toa wavu usiku, baada ya kuwalisha.

Siku 14 za kwanza, kaa mbele ya tangi robo saa asubuhi na jioni. Kutunishiana mapezi na kushikana midomo kwa sekunde chache ni kawaida, wanapimana. Hatari ni samaki aliyejibanza nyuma ya hita au kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika, rangi imekuwa nyeusi, na chakula kikija hatoki.

Ukiona hivyo, wengi humtoa mnyonge. Mtoe mbabe. Mweke upande wa pili wa wavu kwa wiki moja. Akirudi atakuta wenzake wamejipanga upya, na yeye ndiye mgeni.

Umefaulu ikiwa mwisho wa wiki ya pili wote wanakuja mbele kula, na hakuna asiyeweza kuvuka katikati ya tangi bila kufukuzwa.

## Hatua ya 8: Walishe wasione wenzao kama mlo

Wadogo mara mbili kwa siku, waliokomaa mara moja, na siku moja kwa wiki bila chakula. Tumbo liwe limejaa kidogo, lisiwe limevimba.

Msingi uwe chakula cha punje cha samaki walao nyama. Juu yake zungusha nyungunyungu waliooshwa, panzi na nyenje kutoka mahali pasipopigwa dawa ya shamba, vipande vya samaki mbichi, na dagaa wabichi waliogandishwa. Dagaa wakavu wa sokoni wana chumvi na mchanga. Hao ni wetu.

Usiwape samaki hai wa kuwinda. Najua ndicho kinachowavutia vijana wa kurekodi video. Samaki hai huleta vidonda, minyoo na madoa meupe, na goldfish ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa mlaji. Tena unamfundisha mwindaji kukimbiza chochote kinachoogelea, kisha unamtaka atofautishe. Moyo na nyama ya ng'ombe navyo viwe adimu sana, mafuta yake hayasagiki vizuri katika tumbo la samaki.

## Hatua ya 9: Badili maji bila kuwapiga baridi

Theluthi moja kila wiki, na naitreti ikipita miligramu 40, badili nusu. Acha maji ya bomba kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Fanya hesabu ya joto. Ukiingiza lita 100 za nyuzi 17 kwenye tangi la lita 300 lenye nyuzi 26, tangi zima linashuka hadi 23 ndani ya dakika chache. Mshuko wa namna hiyo ndio unaofungulia mlango ugonjwa wa madoa meupe. Chemsha sufuria, changanya kwenye ndoo, pima, ndipo umimine.

## Umeme ukikatika

Oksijeni ndiyo inayoisha kwanza, joto hufuata polepole. Washa pampu ya betri papo hapo. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu kila baada ya dakika chache. Usilishe.

Baada ya saa mbili funika tangi kwa mablanketi pande zote, ukiacha upenyo wa hewa juu. Usiku wa Julai, elesha chupa za plastiki za maji ya moto zilizofungwa vizuri, mbili kwa wakati mmoja, ukifuatilia kipimajoto. Umeme ukirudi, joto lipande pole pole. Chujio la nje lililosimama saa nyingi lisiwashwe kabla ya kulisuuza kwa maji ya tangi, kwa sababu ndani yake bakteria wamekosa hewa na maji yameoza.

## Samaki akizidi tangi

Panga hili kabla ya kununua. Duka lililokuuzia huenda likampokea, au mfugaji mwenye tangi kubwa Iringa au Dar, au hoteli yenye bwawa la ndani lenye joto. Andika namba zao sasa.

Kiwira, Ruaha Mkuu, Ziwa Nyasa na bwawa la perege la jirani si mahali pa kumwachia. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na spishi nyingi za furu ambazo hazikuwepo popote pengine duniani zikatoweka. Hata wa Nyasa aliyezaliwa dukani asirudishwe ziwani, maana anaweza kubeba maradhi na damu ya chotara. Asiyepata pa kwenda, mbakishe nyuma ya wavu wa kugawa, mbadilishie maji mara mbili kwa wiki, na uendelee kupiga simu.